Kupiga picha za 3D kwa simu moja: kutoka Kit Mikayi hadi ukingo wa Menengai

Nyoosha mkono, simamisha kidole gumba mbele ya dirisha la mbali, kisha fumba jicho la kushoto. Lifumbue, ufumbe la kulia. Kidole kinaruka. Macho ya mtu mzima yameachana kwa kama milimita 63, na mruko huo ndio ubongo unaoutumia kujua kwamba kikombe kiko karibu na ukuta uko mbali. Picha ya 3D inataka mambo mawili tu: picha mbili za mandhari moja zilizopigwa kutoka sehemu mbili zilizoachana, na njia ya kulipatia kila jicho picha yake. La kwanza simu yako inaliweza. La pili utalitengeneza kwa kadibodi na miwani ya kusomea.

Sitakuuzia kamera yoyote hapa. Kina cha picha hakitoki kwenye kamera, kinatoka kwenye ile hatua unayopiga pembeni kati ya picha ya kwanza na ya pili. Urefu wa hatua hiyo ndio uamuzi mkubwa katika kazi hii yote.

Ilianza bila kamera

Charles Wheatstone, mwanasayansi wa Uingereza, aliieleza siri hii mbele ya Royal Society jijini London mwaka 1838. Alitumia vioo viwili na michoro ya mistari. Ilibidi iwe michoro, maana njia ya Mfaransa Daguerre ya kupiga picha ilikuja kutangazwa mwaka uliofuata. Mwaka 1849 David Brewster aliondoa vioo akaweka lenzi, kifaa kikawa kidogo cha kushika mkononi, na Jules Duboscq akakitengeneza kule Paris. Malkia Victoria alikiona kwenye Maonyesho Makuu ya London ya 1851 akakipenda, na baada ya hapo watu wakakigombania. Kule Marekani, daktari na mwandishi Oliver Wendell Holmes alibuni stereoskopu (ndilo jina la kifaa hicho) nyepesi ya mbao mwaka 1861 na kwa hiari yake hakuichukulia hataza, kwa hiyo kila karakana iliyotaka ilijiundia yake.

Linalotuhusu sisi wa simu moja ni hili: wengi wa wapiga picha wa mwanzo nao walikuwa na kamera moja. Walipiga ya kushoto, wakaisogeza kamera kwenye reli fupi, wakapiga ya kulia. Ndiyo maana kwenye baadhi ya kadi za kale utamwona mpita njia upande mmoja na upande wa pili hayupo. Kamera za lenzi mbili zilikuja katika miaka ya 1850, zikafuatiwa baadaye sana na View-Master ya 1939, iliyokuwa ya kutazamia tu, kisha Stereo Realist ya 1947, iliyowatia watu wa kawaida wazimu wa 3D kwa filamu ya milimita 35. Ya karibuni inayosifiwa ni Fujifilm W3 ya mwaka 2010, ambayo siku hizi utaipata mitumba tu, ukibahatika.

Na usidhani jambo hili ni la Ulaya peke yake. Ramani za Kenya za mizani ya 1:50,000 zilichorwa kutokana na picha za ndege zinazofunikana, kila picha ikirudia zaidi ya nusu ya eneo la iliyotangulia, na mchoraji akizitazama mbili mbili ili aone vilima vikiinuka mezani.

Hatua ya kwanza: amua utasogea kiasi gani

Kanuni ya wapenzi wa 3D ni nyepesi. Pima umbali wa kitu kilicho karibu zaidi ndani ya picha, ugawe kwa 30. Jibu ndilo umbali wa kusogeza simu.

Kitu kikiwa mita 2 mbele yako, sogea kama sentimita 6 na nusu, karibu sawa na macho yako yenyewe. Kikiwa mita 10, sogea sentimita 33. Kikiwa sentimita 30 tu, kama vile omena waliotandazwa kwenye wavu kuanikwa pale Dunga, ufukwe wa wavuvi kule Kisumu, sogea sentimita moja na usizidishe. Wanaoanza hukosea zaidi hapa kwenye vitu vya karibu, maana sentimita moja inaonekana si kitu. Piga omena kwa sentimita 6 na macho ya mtazamaji yatavutwa kila upande mpaka aiweke picha chini. Piga kwa sentimita moja na kila samaki anakuwa na mgongo wake, mkia wa huyu umelala juu ya kichwa cha yule, hata nyuzi za wavu unaona zimepita chini.

Simu nyingi zina lenzi pana, kwa hiyo unaweza kuongeza kidogo, ugawe kwa 25 au hata 20. Ukivuta picha karibu mara mbili, punguza hatua yako kwa nusu. Na kama nyuma ya kitu hakuna kitu cha mbali, tuseme kuna ukuta hapo hapo, una nafasi ya kusogea zaidi bila kumuumiza mtu macho.

Hakuna haja ya futi kamba. Upana wa simu iliyosimama ni kama sentimita 7, urefu wake kama 15. Ukivijua hivyo viwili na urefu wa hatua yako, umeshapata rula.

Chagua mahali pasipotikisika

Kwa simu moja, picha mbili zinaachana kwa sekunde moja au mbili. Chochote kinachosogea katikati ya hapo kitamtatiza mtazamaji: jicho la kushoto linamwona mwenye boda boda hapa, la kulia linamwona pale, na ubongo unakataa kuwaunganisha. Sokoni Kibuye saa sita mchana, basi, si mahali pa kuanzia.

Mahali pa kuanzia ni Kit Mikayi, kule Seme, kando ya barabara ya Kisumu kwenda Bondo. Yale mawe yamepandana juu ya mengine hadi karibu mita 40, na hayajasogea tangu babu zetu wayakute. Kwa picha ya kawaida, Kit Mikayi mara nyingi inakuwa rundo la kijivu, maana jiwe la mbele na la nyuma lina rangi ile ile na huwezi kuyatenganisha. Kwa 3D yanaachana. Unaona mwanya unavyoingia ndani, unaona jiwe la juu lilivyoegemea, unajiuliza linashikiliwa na nini. Simama mita 6 hivi kutoka jiwe la mbele, sogea sentimita 20, na uache tawi au jani moja likae upande mmoja wa picha kama huna upepo. Watu huja kusali na kufunga pale, kwa hiyo muulize mwenyeji anayekuzungusha kabla ya kumwelekezea mtu simu.

Tafuta tabaka: kitu cha mbele, cha kati na cha nyuma. Uwanja mtupu na mlima wa mbali haufaidiki na 3D hata ukisogea vipi, maana hakuna cha karibu cha kupimia. Msitu wa Kakamega ni kinyume chake. Vigogo, mizizi na matawi vinavyochanganyika kwenye picha ya kawaida vinatengana kila kimoja mahali pake, mradi ni asubuhi kabla majani hayajaanza kucheza.

Ziwani ni mtihani. Mawimbi hayasubiri, na maji yakiachana kati ya picha mbili yanametameta vibaya. Nenda Dunga alfajiri, kabla upepo wa kutoka ziwani haujaanza kuvuma, na upige mashua zilizovutwa nchi kavu. Mbao zilizopakwa rangi, kamba, makasia yaliyolazwa: vyote vimetulia. Gugumaji likiwa limebana ufukweni nalo linafaa. Ndilo jambo jema pekee ninaloweza kulisemea.

Tayarisha simu

Picha mbili zinapaswa kufanana kwa kila kitu isipokuwa pale zilipopigiwa. Simu yako, kwa ujanja wake, itajaribu kubadilisha mwanga na fokasi kati ya ya kwanza na ya pili. Bonyeza kioo na ushikilie juu ya kitu kikuu hadi simu ionyeshe kwamba mwanga na fokasi vimefungwa. Zima mmweko wa taa. Zima vionjo vya urembo na ile hali ya kufifisha mandhari ya nyuma, ambayo ni sumu kwa 3D: unataka kila kitu kionekane wazi, cha mbele hadi cha nyuma, maana jicho la mtazamaji litatembea humo lenyewe. Washa mistari ya gridi. Lenzi ya ziada iliyo pana mno inapinda kingo, bora utumie ile kuu.

Kupiga

Simama miguu imeachana, magoti yamelegea. Weka uzito mguu wa kushoto, piga. Hamishia uzito mguu wa kulia bila kuinua nyayo, piga. Mwili unakuwa umesogea sentimita chache, na kwa mazoezi utajua ni ngapi. Wazungu wanaiita cha-cha, kama ile dansi, na mtu akikutazama kwa mbali atadhani kweli kuna muziki unaousikia peke yako.

Anza na kushoto kila siku. Usibadilishe. Ukiwa na picha mia kwenye simu, hilo ndilo litakaloziokoa.

Kosa linalotokea bila mtu kujua ni kugeuza simu ili kitu kikuu kibaki katikati. Usigeuze. Telezesha simu sambamba, kama inayopita juu ya reli, na ukubali kwamba kitu cha mbele kitahama kidogo ndani ya fremu. Ukigeuza, pembe za picha zitapinda tofauti, na mistari iliyopaswa kuwa usawa mmoja itapanda upande huu na kushuka upande ule. Macho yetu yanavumilia tofauti ya kushoto na kulia, ya juu na chini hayaivumilii kabisa. Chagua alama ya mbali, mnara au ncha ya mti, uiweke juu ya mstari ule ule wa gridi katika picha zote mbili.

Kwa vitu vya karibu mikono haitoshi. Mwambie fundi wa mbao akukatie ubao wa sentimita 30 wenye ukingo mwembamba upande wa nyuma, simu iegemee hapo iteleze. Chora alama kila sentimita kwa kalamu. Kifaa chote ndicho hicho, na wapo wanaonunua reli za chuma kwa maelfu kufanya kazi ile ile.

Piga jozi mbili au tatu za kila mandhari kwa hatua tofauti. Kati ya jozi na jozi, piga picha ya kiganja chako. Ukifika nyumbani utashukuru kuona mahali moja inapoishia na nyingine inapoanzia.

Watu

Mtu mzima aliyeketi anaweza kutulia sekunde mbili ukimwomba. Nyanya yangu anatulia kuliko jiwe, wajukuu wake hawajui maana ya neno hilo. Kwa watoto na sokoni utahitaji simu mbili za aina moja, zimesimama bega kwa bega ndani ya kishikizo cha kadibodi ngumu, lenzi zikiwa zimeachana sentimita 7 hivi, na zibonyezwe kwa pamoja. Hazitafyatuka sawasawa kabisa. Kwa mtu anayetembea polepole zinatosha, kwa pikipiki hapana. Heroe wa Ziwa Nakuru wanaoruka usiwahangaikie kwa simu, hiyo ni kazi ya kamera mbili zilizounganishwa kwa waya ili zifyatuke pamoja.

Ukingo wa Menengai

Ukisimama juu ya Menengai, kreta ya volkeno karibu na Nakuru, utaona shimo lenye upana wa takriban kilomita 12 kwa 8, na bado linaweza kuonekana bapa. Sababu ni kwamba zaidi ya mamia machache ya mita, milimita 63 za macho yako hazisaidii kitu. Dawa ni kujifanya jitu lenye macho yaliyoachana mita kumi.

Kanuni haibadiliki. Kama kitu cha karibu kitakachoonekana kiko mita 300, gawa kwa 30, upate mita 10. Tembea hatua kumi na chache kando ya ukingo kati ya picha na picha. Lakini hakikisha nyasi zilizo miguuni na kile kichaka cha mita tano hazimo kwenye fremu, maana kwao hatua ya mita 10 ni balaa. Inua simu, ukate sehemu ya chini. Chagua alama ya ng'ambo na uiweke pale pale kwenye gridi. Fanya haraka, kwa sababu vivuli vya mawingu vinatembea juu ya lava, na kivuli kilichosogea kitaonekana kama kipande cheusi kinachoelea. Mvuke wa visima vya jotoardhi nao haukai tayari kupigwa picha, uache nje ukiweza. Na tafadhali, usitembee ukingoni huku ukitazama kioo cha simu.

Ukiitazama picha hiyo baadaye, kreta inakuwa kama umeiweka mezani: kuta zinasimama, mikondo ya lava inaonekana mmoja ukiwa juu ya mwingine. Uzuri huo una bei yake, kwamba kila kitu kinaonekana kidogo kama mfano wa udongo. Mimi naupenda. Wapo wasioupenda, na hawajakosea.

Mbinu hii ni ya zamani. Katika miaka ya 1850 Warren De la Rue alitengeneza picha za 3D za mwezi bila kusogea popote. Mwezi huyumba kidogo ukitazamwa kutoka duniani, kwa hiyo alichagua picha mbili za nyakati tofauti, mwezi ukiwa katika hali ile ile lakini umegeuka kidogo, na duara bapa likawa mpira.

Kulinganisha picha

Kwenye kompyuta ya Windows tumia StereoPhoto Maker, programu ya bure ya Masuji Suto wa Japani. Ina sura ya zamani na vitufe vingi mno, lakini kazi yake haina mpinzani. Kwenye simu pia zipo programu za kuunganisha jozi, nazo zinatosha kwa kuanzia.

Fungua picha ya kushoto na ya kulia, kisha iamuru ijilinganishe yenyewe. Itasawazisha mwinamo, ukubwa na tofauti za juu na chini. Kazi iliyobaki ni yako: dirisha.

Fikiria fremu ya picha kuwa dirisha unalochungulia. Jozi iliyotoka kwenye simu ikiwa haijarekebishwa, vitu vya mbali ndivyo vinavyokaa usawa wa dirisha na vingine vyote vinamtokea mtazamaji usoni. Sogeza picha moja kushoto au kulia kwa vitufe vya mishale hadi kitu cha karibu zaidi kikae mahali pamoja katika zote mbili. Sasa mandhari yote imerudi nyuma ya dirisha, na macho yametulia. Kitu kinaweza kutokeza mbele ya dirisha, ila kisikatwe na ukingo. Mkono uliokatwa na fremu hauwezi kuwa mbele ya fremu hiyo hiyo, na ubongo unajua.

Kisha pima. Tofauti ya kuhama kati ya kitu cha karibu na cha mbali isizidi sehemu moja ya 30 ya upana wa picha: picha yenye upana wa nukta (pikseli) 4,000, tofauti isipite 130 hivi. Ikizidi, chagua ile jozi uliyosogea kidogo. Hakuna programu itakayoirekebisha iliyozidi.

Kutazama

Njia isiyo na gharama ni macho yenyewe. Weka picha mbili kandokando kwenye simu, ya kushoto upande wa kushoto, zote zisizidi upana wa sentimita 6 kila moja. Isogeze hadi puani, tazama kana kwamba unatazama mbali nyuma ya simu, kisha isogeze nje polepole. Zitaonekana tatu, na ya katikati ndiyo yenye kina. Wengine huona rahisi kuvuka macho, na hao wabadilishiwe pande, la sivyo anga itakuja mbele ya mawe. Kuna watu, hasa wenye makengeza au jicho moja dhaifu, ambao kina hakitawatokea kwa njia yoyote. Usimlazimishe mtu.

Kwa wageni, tengeneza stereoskopu. Nunua miwani ya kusomea ya +4, ile ya rafu za dukani. Lenzi zake zinaona vizuri kwa sentimita 25. Kata kadibodi ya urefu huo, isimame kati ya pua na mstari wa katikati ya picha mbili, ili jicho la kushoto lisione ya kulia. Chapisha jozi kwenye karatasi ya studio ya sentimita 10 kwa 15, kila picha ikiwa na upana wa sentimita 6 na kidogo, pembeni paachwe weupe. Bandika juu ya kadibodi ngumu isipinde. Ikiwa haijawa wazi, sogeza kadi mbele au nyuma kidogo. Hicho ni kifaa cha Holmes, bila mbao.

Ukitaka kuonyesha darasa zima kwa projekta, tumia miwani ya nyekundu na samawati, njia iliyoelezwa na Wilhelm Rollmann tangu 1853. Nyekundu inakaa jicho la kushoto. Epuka nguo nyekundu iliyokolea katika picha ya namna hii, kwa sababu jicho moja litaiona inawaka na la pili litaiona nyeusi. Kama huna hakika, geuza picha iwe ya rangi ya kijivu kwanza. Kit Mikayi haitapoteza chochote.

Kutunza na kutuma

Siku hiyo hiyo, badilisha majina: jina la mahali, namba ya jozi, kisha L kwa kushoto na R kwa kulia, na uandike pia ulisogea kiasi gani. Hifadhi jozi asili kando na ile iliyounganishwa, maana kesho utataka kuibadilisha iwe ya miwani ya rangi. Ukimtumia mtu kwa WhatsApp, itume kama dokumenti ili isibanwe, na umweleze kama ni ya kutazama sambamba au ya kuvuka macho kabla hajakupigia kukuuliza mbona umemtumia picha moja mara mbili.